Mashine ya Milimita na Taa ya Mama Mkwe

Jina alilopewa na wazazi wake lipo kwenye vyeti, na huko ndiko linakokaa. Watu wanamwita Milimita. Alilipata ofisini, enzi zake za kuchora ramani, kwa sababu ya tabia ya kutaka vipimo hata pale ambapo hakuna aliyeuliza. Ukimwomba asogee kidogo kwenye benchi, atakuuliza kidogo kiasi gani. Mkewe, ambaye ni mwalimu wa shule ya msingi na hata nyumbani anaitwa Mwalimu, husimulia kwamba siku ya kwanza alipokuja kwao alikaribishwa kiti, akakipindua kwanza kuangalia kama miguu inalingana. Milimita hakanushi. Anasema mguu mmoja ulikuwa mfupi.

Alipostaafu hakutaka kufuga kuku wala kukaa kibarazani kuwakagua wapita njia. Alinunua mashine ya kuchonga mbao, ile ndogo ya kuwekwa mezani, inayoongozwa na kompyuta. Ilifika vipande vipande ndani ya maboksi: reli, skrubu ndefu, mota, nyaya za kila rangi, na kitabu cha maelekezo kilichoandikwa na mtu asiyejali kueleweka. Akaiunga mwenyewe katika chumba kidogo cha nyuma kilichokuwa stoo. Ilipokamilika ilikuwa hivi: unachora ua kwenye kompyuta, unabana ubao mezani, unabonyeza kitufe, na mkono wa mashine unakipeleka kisu kinachozunguka huku na huku mpaka ua linatokea kwenye ubao, bila mtu kugusa kitu. Milimita alikuwa akisimama pembeni, mikono nyuma, kama mzazi kwenye mahafali.

Sasa, mtu huyu ana sifa moja ambayo ni heri tuitaje mapema, maana ndiyo iliyomponza. Ni nadhifu kupita kiasi. Akiona waya unaning'inia hapati usingizi. Nyaya zote za ile mashine alizifunga pamoja kwa vifungo vya plastiki, kifungo baada ya kifungo, nafasi zikilingana, mpaka zikawa shada moja nene linalofuata mkono wa mashine kokote uendako. Wageni walionyeshwa nyaya kabla ya kuonyeshwa kazi.

Kisha mama mkwe akaja kukaa nao. Alikuwa mjane, magoti yamechoka, na nyumba aliyokuwa akiishi peke yake ilikuwa na ngazi nyingi. Alikuja na sanduku la nguo, redio, na cherehani yake ya umeme, ambayo kwayo aliwashonea watoto wa watu sare za shule mpaka watoto hao wakaja kuwa baba na mama. Akapewa chumba kinachopakana na cha mashine. Dirisha lipo, lakini linatazamana na ukuta wa jirani, kwa hiyo humo ndani taa huwashwa hata mchana.

Yeye na Milimita waliheshimiana kwa mbali, kama wakwe wanavyoheshimiana. Mama alimwita "mwanangu", naye alimwita "mama", na likiwapo jambo la maana la kuambiana walilipitisha kwa Mwalimu. Mpango huo uliwafaa wote wawili. Mwalimu tu ndiye aliyelalamika kwamba anachoka kubeba maneno ya watu wanaokaa chumba kwa chumba.

Tatizo la kwanza lilikuwa vumbi. Mashine ilikuwa inatoa unga wa mbao mwepesi unaopita chini ya mlango na kutua kila mahali, na mama akaanza kukohoa. Mwalimu akasema bila kupandisha sauti, "Mume wangu, litafutie hilo vumbi pa kwenda, au uitafutie mashine pa kwenda." Milimita akanunua mashine ya kufyonza vumbi, akauleta mpira wake mrefu wa plastiki mpaka kwenye kisu, na vumbi likawa linavutwa papo hapo linapotoka. Mpira ule ulikuwa unaning'inia vibaya. Akaufunga pamoja na nyaya, kifungo baada ya kifungo, nafasi zikilingana. Akarudi hatua nyuma kuangalia, akaridhika. Kikohozi kikapungua, na mama akamtuma binti yake apeleke shukrani.

Wiki hiyohiyo mashine ikaanza kusimama.

Inakuwa katikati ya kazi, inakwenda vizuri, mara mkono unaganda. Kisu hakisimami, kinaendelea kuzunguka palepale, kikiuunguza ubao, na harufu ya mbao inayoungua inamfikia Milimita akiwa sebuleni na gazeti. Akikimbilia ndani anakuta alama nyeusi kwenye ubao, na kwenye kompyuta maandishi mekundu kwamba mkono umefika ukingoni. Mwisho wa kila reli kuna kijiswichi. Mkono ukifika huko unakigonga, na mashine inajizuia isije ikajivunja. Hiyo ni akili nzuri. Lakini mkono ulikuwa katikati ya ubao, mbali na ukingo wowote, na kijiswichi kilikuwa hakijaguswa na kitu. Mashine ilikuwa inasema uongo, au kuna kitu kilikuwa kinaidanganya.

Na kazi yenyewe haikuwa ya kuchezea. Shuleni kwa Mwalimu walikuwa wamepata chumba cha kusomea, na Milimita, mbele ya walimu wote waliokuja kuwatembelea, alijitolea kukichongea kibao cha mlangoni. Hakuombwa. Alisema tu, "Mniachie mimi," kwa sauti ya mtu ambaye mashine yake haijawahi kumwangusha. Sasa kila kibao alichoanza kiliishia na doa jeusi, mara kwenye herufi ya kwanza, mara karibu na mwisho kabisa, pale panapouma zaidi.

Akakaza skrubu zote. Akabadili waya wa kompyuta. Akafungua kisanduku cha vidhibiti akakipulizia vumbi, akagusa kila kiungio kwa ncha ya kidole. Akatambaa chini ya meza na tochi mdomoni. Usiku akawauliza watu wa mtandaoni wenye mashine kama yake, na mmoja wao akamwandikia: angalia ndani ya nyumba kuna chombo gani kingine chenye mota, maana mota hutia fujo kwenye nyaya, na kompyuta inaweza kuidhania fujo hiyo kuwa ni ujumbe kutoka kwenye swichi.

Kesho yake mchana, akiwa anayatafakari maneno hayo, mashine ikasimama. Akanyanyua uso. Upande wa pili wa ukuta cherehani ya mama mkwe ilikuwa inakwenda, trrr, inapumzika, trrr.

Kesi ikawa imekwisha. Ilianza lini? Tangu mama aje. Nani ana mota? Mama. Kwamba mama alishona kila alasiri, na yeye alichonga kila alasiri, na wawili wanaopita njia moja kwa wakati mmoja lazima wakutane, hilo hakulifikiria. Wala hakujiuliza ni kitu gani kingine kilichoingia nyumbani wiki ile. Mtu anayepima hadi miguu ya kiti, hili hakulipima.

Angenyamaza, au angempa Mwalimu ujumbe wa kistaarabu, kusingekuwa na hadithi. Lakini Jumapili moja walikuja wageni wawili kuiona mashine. Mmoja ni seremala wa jirani, mtu wa utani, aliyekuwa haamini kwamba kompyuta inaweza kuchonga. Mwingine ni mpima ardhi waliyefanya kazi pamoja, na ambaye tangu ujana walikuwa wakishindana kwa kila kitu, mpaka kwa nani ana penseli kali zaidi. Milimita alikuwa ameusubiri mchana huo kwa hamu. Akawaonyesha nyaya. Akabana ubao. Akabonyeza kitufe, mashine ikaanza kwa madaha, unga ukapotelea kwenye mpira, na mpima akainama kutazama, akasema, "Hapo sasa nakuvulia kofia."

Mkono ukaganda. Kisu kikabaki kikiunguza. Moshi mwembamba ukapanda mbele ya macho ya watu watatu, na seremala akakohoa kikohozi kilichokuwa nusu yake kicheko.

Aibu ikampanda Milimita kutoka miguuni. Tuiseme kama ilivyokuwa: aliona haya mbele ya mpima, na haya ile ikatafuta mahali pa kwenda, kama maji. Cherehani ilikuwa inasikika ukutani. Akazima kisu, akacheka kwa nguvu, akasema kwa sauti ya kusikika nyumba nzima, "Mashine haina kosa. Ni mama mkwe wangu huyo na cherehani yake. Tangu aingie humu ndani, hakuna kitu kinachokwenda."

Seremala akadakia, "Mama mkwe hata bila umeme anasimamisha mambo."

Wakaangua kicheko, wote watatu. Cherehani ilikuwa imenyamaza tangu katikati ya sentensi, lakini hawakulitia maanani. Walipogeuka, mama mkwe alikuwa amesimama mlangoni. Alikuwa na miwani yake ya kushonea, na uzi mweupe umemning'inia begani.

"Samahani, mwanangu," alisema. "Sikujua."

Akarudi chumbani kwake taratibu kwa sababu ya magoti. Mpima akaanza kuitazama saa yake. Wahenga walisema ukivuliwa nguo, chutama. Mama alichutama, na aliyemvua akabaki amesimama katikati ya chumba na kicheko kilichomkaukia mdomoni.

Milimita alijua palepale kwamba amekosa. Lakini kujua ni kitu kimoja. Mwalimu aliporudi, aliambiwa habari hiyo kijuujuu, kama utani wa wageni; na mama alipoulizwa, alisema hakuna neno, wanaume walikuwa wakicheka tu. Mwalimu alimtazama mumewe muda mrefu kidogo, akaenda kusahihisha madaftari.

Kuanzia siku ile cherehani haikusikika tena. Na lililo baya zaidi ni kwamba mashine ikapona. Mvua ilikuwa imeanza, mvua ya kutwa nzima, kuta zikatoa unyevu na chumvi ikaganda kwenye kopo, na katika wiki zote hizo mashine haikusimama hata mara moja. Milimita akachonga maua, akachonga samaki, akamchongea mpima jina lake akampelekea. Alikuwa amepatia. Ile haya aliyoiona ikaanza kumtoka taratibu, kwa sababu mtu aliyepatia anaweza kusamehewa ulimi wake. Hata alimwandikia yule mtu wa mtandaoni kumshukuru: ilikuwa cherehani kweli.

Mvua ikaisha. Upepo mkavu ukaanza kuvuma, midomo ya watu ikapasuka, na Milimita akaona sasa ndio wakati wa kukimaliza kibao cha shule. Akachagua ubao mzuri kuliko zote alizokuwa nazo. Herufi zikaanza kutokea, safi, moja baada ya nyingine.

Mashine ikasimama.

Alisimama mbele ya doa jeusi na hasira zikimpanda. Cherehani haisikiki. Basi ni kitu kingine, feni, au redio, au pasi. Kuna kitu mama amewasha, na amekwishaambiwa. Akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu aoe: alikwenda mwenyewe kwenye mlango wa mama mkwe, akagonga, na aliposikia "karibu" akausukuma.

Mwanzoni hakuona kitu. Chumba kilikuwa na giza la mchana, lile la nyumba iliyofungwa. Joto lilimpokea usoni. Macho yalipozoea akamwona mama ameketi kwenye kiti alichokisogeza mpaka ubavuni mwa dirisha, mahali ambapo mwanga mwembamba ulikuwa unapenya kati ya nyumba na ukuta wa jirani. Alikuwa anapinda sketi kwa mkono, ameiinua karibu na pua ili aone. Shingo yake ilikuwa inang'aa kwa jasho. Feni ilikuwa imezimwa, waya wake umekunjwa vizuri na kufungwa kwa utepe. Waya wa redio vilevile. Cherehani ilikuwa imefunikwa kwa kitambaa cha meza. Taa ya juu ilikuwa haiwaki.

"Imesimama tena, mwanangu?" mama aliuliza. Sauti yake ilikuwa na wasiwasi. "Sijawasha kitu. Nikiisikia tu inaanza, nazima vyote. Hata simu nimeizima, wasije wakanipigia."

Milimita alitazama ile taa, akaikumbuka mvua yote ile, maua na samaki, na jina la mpima. Kumbe kila alipokuwa akibonyeza kitufe chake, mzee wa watu upande wa pili alikuwa akiinuka kwa magoti yake mabovu kwenda kuzima taa na kukaa gizani mpaka atakapomaliza. Na siku zile za mvua Milimita alikuwa akichonga mchana kutwa.

"Hapana, mama," alisema mwishowe. "Inakwenda." Na huo ulikuwa uongo wake wa pili katika jambo hilo.

Akarudi kwenye stoo yake akafunga mlango. Aibu aliyokuwa nayo haikuwa ile ya mbele ya mpima. Ile ilikuwa ya usoni, inapita. Hii ilikaa tumboni, na kila alipovuta pumzi aliikuta. Alitamani ardhi ipasuke, lakini sakafu ilikuwa ya saruji, tena aliisawazisha mwenyewe.

Sasa ndipo alipoanza kutafuta kweli, kama mtu anayetafuta kosa na si mkosaji. Aliinua kisu juu kisiuguse ubao, akaiambia mashine ifanye kazi ileile hewani, bila kuchonga. Kwa kuwa hakukuwa na vumbi, hakuwasha kifyonza vumbi. Mashine ikaenda mwanzo mpaka mwisho. Akarudia. Ikaenda. Akaiendesha tena, mkono ukicheza juu ya ubao kama fundi anayepiga hesabu, mpaka mwisho bila kusita. Akabaki amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, akijiuliza kuna tofauti gani kati ya kuchonga na kuchonga hewa. Halafu akageuka taratibu akakitazama kile kifyonza vumbi chake.

Akaianzisha mashine tena hewani, akakiwasha. Mpira ukajaa upepo, ukaanza kuvuma. Akasogeza mkono ili auguse, na kabla hajaufikia, vinyweleo vya mkononi vikasimama. Akaugusa. Ukampiga, ta, cheche ndogo kwenye ncha ya kidole, ile ya kuvua sweta siku ya ukavu. Na nyuma yake mkono wa mashine ukaganda, na maandishi mekundu yakatokea.

Kumbe unga mkavu ukikimbia ndani ya mpira wa plastiki unasugua, na kusugua kunazaa umeme mdogo usio na pa kwenda. Hata hewa yenyewe, ikiwa kavu na imebeba mabaki ya unga, inatosha. Ukijaa unaruka kwenye kitu cha karibu. Na kitu cha karibu kilikuwa ni waya wa vile vijiswichi vya ukingoni, uliofungwa mwili kwa mwili na mpira ule, kifungo baada ya kifungo, nafasi zikilingana. Siku za mvua unyevu uliuteremsha umeme huo polepole, ndiyo maana mashine ilitulia. Kikulacho ki nguoni mwako, na nguo yenyewe Milimita alijishonea kwa mikono yake.

Akachukua mkasi. Akakata vifungo kimoja kimoja. Mpira akauinua peke yake kwa kamba iliyotoka darini, ukaning'inia vibaya, akauacha uning'inie. Akaupitishia ndani waya wa shaba usio na ganda, akaupeleka mpaka kwenye waya wa ethi, ule unaozama ardhini. Nyaya za swichi akazihamishia upande wa pili wa meza. Akachonga ubao wa majaribio mzima na kifyonza vumbi kikivuma. Mashine haikusimama. Siku nyingine angeruka kwa furaha. Siku ile alifagia vipande vya plastiki sakafuni akavitia kwenye ndoo.

Jioni akamsubiri Mwalimu jikoni, akamweleza yote, safari hii bila kuficha, mpaka ile habari ya taa. Mwalimu alisikiliza akiwa ameshika mwiko.

"Nilijua kuna kitu," alisema. "Mdogo wangu anakuja Jumamosi na lori lake kumchukua. Mama kamwambia anataka kwenda kukaa kwake. Kasema hapa anawabana."

"Kwake kuna ngazi."

"Zipo."

Milimita akajikuna kichwa. "Mwambie basi. Mwambie haikuwa cherehani. Mwambie naomba radhi."

"Mimi si posta," Mwalimu akasema. "Maneno yale uliyatoa kwa mdomo wako, hukunituma mimi."

"Nitamwendea chumbani kwake, nimwambie."

"Ulimvua nguo mbele ya watu, halafu unataka kumvika chumbani?"

Akawaza kumchongea kitu, kimeza kizuri cha kuwekea cherehani, chenye maua pembeni. Alipolitaja hilo, Mwalimu alifunika sufuria, akamwambia kwa upole kwamba hakuna aliyemwomba ubao.

Jumamosi lori lilisimama mbele ya nyumba, na shemeji yake Milimita akashuka, kijana mnene mwenye sauti kubwa, asiyejua lolote zaidi ya kwamba ameambiwa aje. Seremala alikuwepo tayari sebuleni. Mpima naye alikuwepo. Milimita alikuwa amewapitia wote wawili asubuhi, akawaambia ana jambo, wakadhani wanaitwa kuiona mashine ikiwa imepona. Mama alikuwa ameketi kwenye kiti cha karibu na mlango, amevaa viatu vya safari, cherehani imefungwa kwenye shuka miguuni pake.

Milimita akasimama. Alikuwa ameyapanga maneno vizuri tangu alfajiri, kwa mpangilio, na yote yakamtoroka. Akafumbata mikono nyuma.

"Mama," alisema, "cherehani yako haikusimamisha kitu. Ilikuwa ni mpira nilioufunga mimi. Sikuangalia. Siku ile mashine ilinigomea mbele ya hawa, nikaona haya, nikatafuta mtu wa kumtwika. Nikakutwika wewe. Ulikuwa upande wa pili wa ukuta na usingenijibu, ndiyo maana. Ukakaa gizani kwa ajili ya uongo wangu. Naomba radhi, mama. Hapa mbele yao."

Shemeji alimtazama dada yake, kisha mama yake, akielewa polepole, na uso wake ukabadilika. Lakini Mwalimu alimgusa mkono. Seremala, ambaye hajawahi kukosa neno, aliivua kofia yake akaishika magotini. "Na mimi nilisema langu siku ile, mama," alisema. "Lilikuwa la kipumbavu." Mpima alitazama chini.

Mama alivua miwani, akaipangusa kwa ncha ya khanga yake, akaivaa tena.

"Yameisha, mwanangu," alisema. Halafu, baada ya kufikiri, akauliza kwa sauti ndogo, "Kwa hiyo naweza kushona?"

Swali hilo ndilo lililommaliza Milimita. Angetukanwa angevumilia. Mama wa mkewe, ndani ya nyumba ya bintiye, alikuwa anaomba ruhusa ya kushona, na alikuwa anaiomba kwake.

"Shona, mama," alisema. "Shona saa yoyote."

Mwalimu akainama akaanza kulifungua shuka. Shemeji akatoka nje kwenda kuliteremsha sanduku la mama lililokwishapakiwa, akiwa hajamsalimu Milimita, na Milimita hakumlaumu kwa hilo.

Jumatatu Mwalimu alikwenda shule na mama akabaki chumbani. Cherehani ilisikika tangu asubuhi, na Milimita aliisikiliza huku akinywa chai, kila trrr ikimteremshia kidogo ule mzigo wa tumboni. Alasiri akabana ubao mpya wa kibao cha shule, akaukagua, akakagua mpira unaoning'inia ovyo. Akabonyeza kitufe. Kifyonza vumbi kikavuma, kisu kikazama, herufi ya kwanza ikaanza kutokea.

Ukutani cherehani ikanyamaza. Ikafuata sauti ya kiti kusogezwa, hatua za polepole za mtu mwenye magoti mabovu, na sauti ya swichi: ta.

Milimita alisubiri. Alijiambia labda kamaliza pindo, labda anataka kupumzika. Mashine ilikuwa inakwenda vizuri kuliko siku yoyote, herufi ya pili, herufi ya tatu, na upande wa pili kulikuwa kimya. Hapo akanyoosha mkono akabonyeza kile kitufe chekundu cha dharura, na mashine ikasimama katikati ya kazi.

Akaenda kwenye mlango wa mama. Chini ya mlango hakukuwa na mwanga. Akagonga.

"Mama, washa taa. Mashine haina shida na taa."

"Umemaliza?" sauti ya mama ikauliza kutoka gizani.

"Bado."

"Basi maliza kwanza, mwanangu."